Shikamoo Niliyomnyima Mama wa Kisima

Nimefundisha Kiswahili miaka mingi katika shule moja ya Kisauni, na somo nililolipenda kuliko yote ni la maamkizi. Ngeli ziliwachosha watoto na ushairi uliwatia usingizi, lakini siku ya maamkizi hata wa nyuma kabisa walikuwa macho. Niliwaambia kwamba mtu haingii penye watu kama paka. Hubisha hodi, akangoja karibu, kisha akaamkia kwa umri, wakubwa kwanza. Mtoto aliyeniambia "sasa" nilimsimamisha mlangoni mpaka shikamoo ikamtoka kamili. Walimu wenzangu walinitania kwamba hata mbuzi wapitao karibu na kwangu huinamisha vichwa, na utani huo niliufurahia kuliko sifa.

Kwa hiyo nililolifanya sikulifanya kwa ujinga. Nalieleza sasa kwa sababu walioliona wangali hai, na hakuna hata mmoja aliyenisuta. Laiti wangenisuta, ningepata wa kugombana naye.

Lilianza na binti mmoja wa Nairobi aliyekuja shuleni kwetu kutafuta mwenyeji wa kumtembeza. Kazi yake ni kutengeneza filamu za hali halisi, zile ambazo watu husema maisha yao wenyewe na hakuna anayeigiza. Alitaka kutengeneza moja kuhusu mtaa mdogo ulio nyuma ya Frere Town, uliokuwa umeingizwa katika mradi wa kujengwa upya. Nyumba za udongo na mabati zingeondolewa, na mahali pake yangesimama maghorofa yenye maji ya bomba. Wengi wa wakazi wake ni vizazi vya watu waliochukuliwa utumwani wakiwa watoto, wakaokolewa baharini, wakakalishwa pale na wamishonari. Binti yule alikuwa na swali moja tu. Mji ukifanywa upya, nani huhesabiwa mwenyeji na nani huambiwa alikuwa akipita njia, na nasaba na rangi ya mtu vina mkono gani katika hesabu hiyo? Mimi kazi yangu ilikuwa kumtafutia watu, kuwaomba ruhusa na kutafsiri.

Kabla ya kuanza alituonyesha filamu za wenzake wa nchi za mbali. Tulitundika leso madirishani, darasa likaingia giza saa tisa alasiri, tukaona mitaa ya watu weusi ikisawazishwa ili barabara pana zipite. Nililowesha kitambaa kizima kwa kufuta machozi. Mwishoni nilisimama, maana siwezi kukaa penye kusimama, nikauliza kwa sauti, "Na majirani zao walikuwa wapi? Hawakuwa na macho?" Binti aliliandika swali langu katika daftari lake. Nyani haoni kundule, na mimi siku ile nililiketia.

Mtu wa kwanza niliyempeleka kwake ni mama mmoja mtu mzima sana, ambaye mtaani wote walimwita mama wa kisima. Nilimfahamu tangu utotoni. Sisi ni watu wa Mvita, mji mkongwe wa kisiwani, tuliohamia Kisauni zamani, na arusi za kwetu zote zilipikwa na mamake, kisha mamake alipofariki zikapikwa na yeye. Waliingia kwa mlango wa uani na kutoka kwa mlango wa uani. Pilau yake ilisifiwa mpaka Likoni. Wageni waliuliza imepikwa na nani, na nyanya yangu alijibu, "Imepikwa na sisi."

Nilikuwa na miaka kama minane nilipotumwa uani kuchukua chai, nikamkuta mama huyo ameinama juu ya sufuria, nikamwambia shikamoo. Nilikuwa nimefunzwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, kwamba kila mkubwa huamkiwa, naye alikuwa mama mwenye watoto. Hakujibu. Alitazama nyuma yangu, alikokuwa amesimama nyanya. Nyanya alinifinya sikio mpaka chumbani, na huko hakupaza sauti. "Wale si wa kuwaamkia, mwanangu. Wale ndio wa kutuamkia sisi. Usinitie haya tena."

Hakunieleza zaidi, wala sikuuliza. Kwetu neno utumwa halikutajwa kabisa, hata mtu akitaka kutukana. Halikuhitajika, kwa sababu mpango mzima wa nyumba ulilisema, mlango huu na mlango ule, kikombe hiki na kikombe kile. Tangu siku hiyo yule mama akiniona ndiye aliyekuwa akitangulia. "Hujambo, bibi mdogo?" Ndivyo mtumishi anavyomwita binti wa bwana wake, nami nilijibu sijambo na kwenda zangu. Nyanya alifariki, nikasoma, nikawa mwalimu, nikakutana na mama yule mara nyingi sokoni na njiani. Ulimi wangu ulishika amri ya nyanya bila kunishauri. Naapa sikuwahi kuiwaza.

Sasa nieleze kilichokuwa hatarini, maana bila hicho haya yangekuwa ya adabu tu. Watu wa mradi walikuwa wakiandika orodha mbili. Wenye hati za viwanja waliandikwa wenyeji, na wangepewa nyumba katika maghorofa mapya. Asiye na hati aliruhusiwa kuleta ushahidi wa ukongwe wake, maneno yakiungwa mkono na alama iliyo ardhini, mbele ya kamati ya mtaa. Asiye na hiki wala kile aliandikwa mpangaji, akapewa nauli ya kuhamisha vyombo na muda wa kuondoka. Mama wa kisima hakuwa na karatasi hata moja. Alichokuwa nacho ni kisima kilichochimbwa na babu yake, na hicho ndicho kilichokuwa hati yake.

Tulikwenda siku ya Jumanne asubuhi, jua kali, na minazi imesimama kimya. Mpiga picha alinifuata nyuma kamera ikiwa begani, kwa sababu binti alitaka aonyeshe mgeni akipokewa. Ukiingia uani pale unalikuta kwanza duka dogo la mkaa. Mwenye duka ni mzee mweupe, wa ukoo wa Kiarabu wenye asili ya Manga, mdogo kwa mama wa kisima kwa miaka kumi au zaidi. Nilisimama, nikainama kidogo, nikamwambia, "Shikamoo, mzee wangu." Akaitika marahaba, akaniuliza hali za nyumbani, nikazijibu moja moja. Kisha nikageuka. Mama wa kisima alikuwa ameketi kwenye kigoda akichagua mchele. Alikuwa ameshaanza kuinuka, mkono mmoja gotini.

"Hujambo, bibi mdogo?"

"Sijambo," nikasema. "Tumekuja."

Hayo yalichukua muda mfupi kuliko ninavyoyasimulia. Papo hapo alitushika mkono akatupeleka kisimani, na kamera haikuzimwa. Huko alisema maneno ambayo sijasikia mtu akiyasema vizuri zaidi, nami nimesahihisha insha maisha yangu yote. Alituonyesha ukingo wa kisima, jiwe la matumbawe lililoliwa na kamba mpaka likawa na mifereji. Aliingiza vidole vinne katika mifereji minne.

"Huu wa kwanza ni wa babu yangu, bibi mdogo. Aliletwa hapa akiwa hajui jina la kwao, akapewa jembe na kitabu cha sala. Alichimba na wenziwe wawili, na mmoja alifukiwa humu humu, wakamtoa, wakaendelea. Huu wa pili ni wa nyanya yangu. Huu ni wa mamangu, ambaye bibi mdogo anamjua, alikuwa akiwapikia kwao. Na huu ni wangu mimi. Jiwe haliliwi kwa siku moja. Anayesema sisi ni wapangaji na aje atie vidole hapa, aniambie ni kodi ya miaka mingapi."

Binti wa Nairobi alikuwa akilia kimya kimya. Mimi nilikuwa nikitafsiri, tena nilijisifu moyoni kwamba natafsiri vizuri.

Haikupita miezi miwili, mashine za mradi zikaja kusafisha uwanja wa kuanzia. Kisima kilijazwa kifusi asubuhi moja, na ukingo ukavunjwa pamoja nacho. Mama alisimama akaangalia mpaka mwisho, wakasema watu, kisha akaingia ndani kupika. Kwa hiyo kilichobaki cha kisima kilikuwa ndani ya kamera.

Binti alikodi chumba Magongo cha kukatia na kuunganishia picha, akaniita nimhakikishie tafsiri. Alinionyesha kipande kile. Nikajiona naingia uani, mwanamke mnene mwenye buibui nzuri na mkoba wa ngozi, nikiinama kwa mwenye mkaa kwa upole wote wa Mvita. Kisha nikamwona mwanamke yule yule akisimama wima mbele ya kikongwe anayehangaika kuinuka, akimwambia, "Sijambo. Tumekuja." Hata sikumuuliza yeye kama hajambo.

"Mwalimu, si uniambie kitu," binti akasema. Alikuwa hana ubaya, alikuwa anauliza tu. "Huyu mzee wa makaa umempatia shikamoo. Huyu mama ni mkubwa kwake, na hujampatia. Na mbona anakuita bibi mdogo kila saa na wewe ni kama mtoto wake?"

Nilitaka ardhi ipasuke, na haikupasuka, malori ya Magongo yalipita kama kawaida. Nilingoja hasira inisaidie, nayo ikanisaidia.

"Nyinyi watu wa bara hamjui mambo ya adabu zetu," nikamwambia. "Hayo ni mazungumzo ya watu waliozoeana. Mkiyaonyesha kwa watu mtamvunjia mama heshima. Kwetu mtu mzima haonyeshwi akiinuka kwa shida. Kitoeni."

"Lakini hapa ndipo anaongea mambo ya kisima. Na kisima kimeenda. Naweza kukata mwanzo niache hapa."

Nikamsikiliza mama tena. Bibi mdogo, bibi mdogo, bibi mdogo, kila sentensi, nami nimesimama kando yake katika picha. Mtu yeyote wa pwani angeisikia mara moja, akajua mimi ni nani kwake na yeye ni nani kwangu. Waliotarajiwa kuitazama walikuwa wazazi wa wanafunzi wangu.

"Chote," nikasema. "Ama jina langu litoke, na zile ruhusa nilizowaombea kwa watu nizirudishe."

Binti alilifunga daftari lake. Alikuwa mgeni, na mwenyeji amesema ni adabu. Alikubali kwa sababu aliniamini, na mimi nililijua hilo. Tena wakati huo nilijua vizuri kabisa kwamba kisima hakipo. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama nililisahau, na ukweli ni kwamba sikulisahau.

Filamu ilionyeshwa Jumamosi moja alasiri katika ukumbi wa kanisa mtaani. Kamati ya mtaa ilikaa safu ya mbele na watu wa mradi, kwa kuwa walikuwa wamekubali kuipokea filamu kama ushahidi wa wasio na hati. Mama wa kisima alikuja na gauni la kitenge lililopigwa pasi, na binti yake, na wajukuu, na majirani aliowaambia kwamba leo wataona kisima. Nilikuwa nimekaa ubavuni, nikamwona akinyoosha shingo kila sura mpya ilipotokea. Alionekana mara mbili, akipepeta mchele na akitembea njiani. Mara zote mbili wajukuu walipiga makofi. Kisha majina yakapanda, na ukumbi ukafunguliwa madirisha.

Alinijia polepole, akishika migongo ya viti.

"Bibi mdogo, kisima changu sikukiona."

Watu wa kamati walikuwa wamesimama karibu, vikombe vya chai mikononi. Hapo ndipo ningeweza kusema. Nilikuwa na nafasi na nilikuwa na ulimi.

"Ni upepo, mama," nikasema. "Siku ile kulikuwa na upepo, ukachafua sauti, ikawa haisikiki."

Alinitazama usoni. Sijui kama nimewahi kutazamwa na mtu kwa muda mrefu hivyo bila hasira.

"Upepo," akasema. "Haya. Upepo hauna mwenyewe."

Akamshika mjukuu bega, wakatoka. Binti wa Nairobi alikuwa nyuma yangu na alisikia yote. Hakunifokea. Jioni ile simu yangu ililia, nikakuta amenitumia kipande chote, kuanzia mlango wa mkaa mpaka kidole cha nne, bila hata neno moja la maelezo. Naye alikuwa ameshakwea gari kurudi kwao.

Nilikuwa na wiki tatu kabla ya orodha kufungwa. Ofisi ya mradi niliijua ilipo, nilipita mbele yake kila siku nikienda shule. Wiki ya kwanza nilijiambia nina mitihani ya kusahihisha. Wiki ya pili nilijiambia binti ndiye mwenye filamu, yeye ndiye apeleke. Wiki ya tatu sikujiambia kitu, niliizima simu nikipita pale, sijui kwa nini, kana kwamba ingepiga kelele mkobani. Sababu ya kweli haikuwa na uzito wa kutajwa, na ndiyo inayonitia aibu zaidi. Niliogopa kuchekwa. Nyumba ya mtu ilikuwa upande mmoja wa mizani, na upande wa pili ulikuwa wanawake wachache wakiambiana arusini kwamba mwalimu wa maamkizi hajui kuamkia.

Orodha ikafungwa. Mama wa kisima akaandikwa mpangaji.

Nilisikia amehamia Kiembeni kwa binti yake, ghorofa ya tatu, vyumba viwili vya kukodi. Nilikaa na habari hiyo tangu kabla ya Ramadhani mpaka baada ya Idi Kubwa, nikafunga, nikaomba, nikasamehewa na kila niliyemwomba msamaha kwa desturi, na yeye sikumwomba. Kisha siku moja darasani, katika somo langu pendwa, mtoto wa kike wa safu ya nyuma aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, na mtu mkubwa akiwa masikini, unamwamkia?" Darasa likacheka. Nilimjibu kama kitabu kinavyosema, na kengele ilipolia sikwenda nyumbani, nikashika njia ya Kiembeni.

Nilipanda ngazi nikihesabu milango. Wa kwao ulikuwa wazi, pazia limefungwa fundo ili hewa ipite. Alikuwa kwenye mbuzi akikuna nazi, miguu imenyooshwa, mgongo kwangu. Nikabisha hodi, nikangoja. Akageuza kichwa, na nikaona mkono unaenda gotini ili ainuke, na mdomo unafunguka. Nikamwahi.

"Shikamoo, mama."

Mkono ukabaki pale gotini. Chini uwanjani watoto walikuwa wakipiga mpira. Nilikuwa nimetamka neno hilo mara elfu ngapi kwa watoto wa watu, na sasa nilikuwa nimelisimamia mlangoni kama mwombaji.

"Marahaba," akasema. "Karibu ndani."

Nilidhani nitapata nafuu, na sikuipata. Nilikaa kwenye mkeka. Binti yake alileta chai, akanisalimu, akarudi jikoni. Nikatoa simu, nikamwambia nimemletea kitu, nikamwekea kipande mkononi. Alikiangalia chote akiwa ameishika simu mbali kidogo na macho. Aliniona nikimwamkia mwenye mkaa. Alijiona akiinuka. Aliona ukingo wa jiwe na vidole vyake vinne, na nyuma yake minazi ambayo haikutikisika hata ukuti mmoja. Sauti yake ilijaa chumba kile kidogo, safi, kila neno mahali pake, mpaka binti yake akatokeza mlangoni na mwiko mkononi, akasimama.

Kipande kilipokwisha alinirudishia simu kwa mikono miwili.

"Nasikika vizuri," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Upepo ulitulia lini?"

Mara hii hakuna adabu wala hasira iliyonijia kunisaidia.

"Hakukuwa na upepo," nikasema.

Akavuta sinia la nazi karibu, akashika kifuu, akaanza tena kukuna.

"Najua, bibi mdogo," akasema. "Nilikuwapo."